Wazo Nililolikemea

...na hawataacha kuimba mpaka mimi nifungue kinywa, ndivyo ilivyo kwenye ushirika wetu wa nyumba kwa nyumba, aliyeambiwa aombe ndiye anayelikata pambio kwa sauti yake, wengine kazi yao ni kulizungusha, wakifika mwisho wanarudi mwanzo, wanamngoja, na leo wanayemngoja ni mimi, Mama Job kiongozi wetu amesema mbele ya wote, Lorine ndiye atakayetuombea, huyu msichana ana mzigo wa maombi, Jumapili tumesikia wenyewe vile Mungu alimjibu, tuimbe kidogo kisha atuongoze, na wote wakaitikia amina, wakainuka kwenye viti, wakashikana mikono, na mkono ulioniangukia mimi upande wa kulia ni wa Mama Mbeti mwenye nyumba, una maji bado, alikuwa akisuuza vikombe vya chai, siwezi kuubana wala kuuachia, umelala tu ndani ya mkono wangu kama kitu nilichoachiwa nishike kidogo mpaka mwenyewe arudi... macho nimefumba, kichwa nimeinamisha, anayeniona atasema huyu tayari yuko mbele za Bwana, na mimi niko hapahapa mtaani Mbotela, kwenye sebule ya jirani, natafuta pa kuanzia na sipati, anza na kushukuru, ndivyo tulivyofundishwa, Brother Wakoli wa vijana husema mlango wa maombi ni shukrani, asante Bwana kwa siku ya leo, asante kwa pumzi, asante kwa nyumba hii, na hapo kwenye nyumba hii ndipo ninapokwama, kwa sababu wazo linakuja, lilelile, linaingia bila hodi, ulifurahi, linasema hivyo tu, ulifurahi, na mimi nalijibu kama nilivyofundishwa, kimoyomoyo maana hapa siwezi kwa sauti, nakukataa, wewe si wangu, toka.

Brother Wakoli alitupa somo hilo mwezi mzima, kushinda mawazo mabaya, akasimama mbele yetu na shati lake la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote, akasema wazo ni kama mtu anayebisha mlangoni, usikimbilie kufungua, uliza kwanza umetumwa na nani, likikutia moyo lifungulie, likikuhukumu ujue limetoka kwa adui, litaje, likatae, likemee mpaka lishuke ngazi liondoke, tukacheka kwa sababu kanisa letu ni la mabati na halina ngazi, halafu tukafanya mazoezi palepale, vijana wote kwa pamoja, nakukataa, nakukataa, na mimi nilipaza sauti kuliko wote kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na wageni wengi mlangoni... nilikuwa nimetoka shule, kibanda cha Mama kilikuwa kimeungua sokoni Gikomba na marobota yake yote ya mitumba ya watoto, akaanza upya kwa kuchambua nguo za wenzake, akahitaji mikono, na mikono iliyokuwepo ni yangu, kidato cha pili, nikaikunja sketi ya shule nikaiweka chini ya godoro inyooke, nikidhani ni ya wiki, na mawazo yakaanza, wewe umekwisha, wewe utachambua soksi mpaka uzeeke, wenzako wako maabara na wewe unatafuta soksi ya pili ya mtoto wa Ulaya, na hayo niliyakemea kweli na yakapungua, nasema ukweli, nilifunga mpaka mchana, niliandika mistari nikaibandika kwenye kioo, nikinawa uso naisoma, kuna asubuhi niliamka nikiwa mwepesi nikamwambia Mama leo nibebeshe mimi lile furushi kubwa, kwa hivyo sisemi mafundisho ni ya uongo, yalinidaka nilipokuwa naanguka, sitayakana hata hapa, ila...

Wamerudi mwanzo wa pambio, Mama Job ameachia mikono ya wenzake, nasikia ameanza kupiga makofi ya pole, ana njia yake ya kumwambia mtu anza, na wazo lile liko palepale, ulifurahi, nakukataa, nina sababu zangu, si mimi niliyeanza, ni huyu, mwenye mkono huu, ni yeye aliyesimama bombani siku ile na kina mama wengine, mimi niko nyuma ya ukuta wa choo na jerikeni tupu, hawanioni, akasema msichana hatoki shule hivihivi jamani, moto wa Gikomba ni wa Gikomba, tumbo ni la mwenyewe, nipeni miezi kidogo tu mtakuja kuniambia, na wakacheka, mmoja akasema ai, Mama Mbeti, una mdomo wewe, lakini alicheka, na Mama Mbeti akasema si mdomo, ni macho, mimi nina msichana nyumbani, najua kuangalia, na nikarudi nyumbani na jerikeni bila maji, na baada ya hapo nikaona watu wakiniangalia fulana, hata dukani, hata kanisani, mama mmoja alinikumbatia baada ya ibada na mkono wake ukakaa tumboni kwangu zaidi ya ilivyo kawaida, na mimi sijawahi hata kushikwa mkono na mvulana, Bwana unajua, nikamwambia Brother Wakoli bila kutaja mtu, akaniambia dada Lorine, upinzani haukai hewani, upinzani una sura na una mlango unaotokea, ukiomba omba kwa jina, rudisha maneno yalikotoka, yakamkae aliyeyatuma, na mimi ni mtu wa kufanya kama nilivyoambiwa, hata shule nilikuwa hivyo, mwalimu akisema pigia mstari chini ninapiga mbili.

Nikaomba, mchana, Mama yuko Gikomba, nimefunga mlango, nikatembea kutoka kitandani mpaka mezani na kurudi, nikasema Baba kila neno alilolisema Mama Mbeti juu ya tumbo langu lirudi, lisipotee njiani, lirudi nyumbani kwake, aibu aliyonipangia ikale mezani kwake, ilale kitandani kwake, nikapaza sauti mpaka koo likauma, na ukuta wetu na wao ni mmoja, hauendi mpaka kwenye bati, juu kuna nafasi ya kupitisha mkono, wao wakikaanga vitunguu sisi tunalia, lakini nilijua Mama Mbeti yuko kazini na Mbeti yuko shule, kila asubuhi nilimwona Mbeti akipita mlangoni kwetu na sketi yake na begi, niaje Lorine, poa, nikimwona mpaka anakata kona, siku ile tu sikuchungulia, nilidhani amepita kama kawaida, tulikuwa tunapita pamoja zamani, tulikuwa tunapanga nani atabeba kamusi siku gani maana ilikuwa nzito na ilikuwa moja... halafu Jumatatu moja hakupita, nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni, hakupita, na siku iliyofuata hakupita, na Mama akaja na habari kutoka bombani, akanong'ona kwa huzuni kabisa, Mbeti wa watu ni mjamzito, mwalimu amemwita mama yake, maskini mtoto, na mimi nikasema eh, pole zao, nikachukua vyombo nikatoka nje kuviosha, na nikajikuta naimba, Mama akachungulia akaniuliza mbona leo umechangamka hivyo, na kifuani kulikuwa na kitu kitamu kama lile funda la kwanza la chai ukiwa umefunga, ulifurahi, nakukataa, nilimshukuru Mungu kwa kujibu maombi, mtu akijibiwa asishukuru, ulifurahi, toka, na Jumapili nikasimama, hakuna aliyenisukuma, Bwana asifiwe, amina, na tena Bwana asifiwe, amina, nataka kumrudishia Mungu utukufu kwa sababu ameyaaibisha maneno ya adui yangu, nilisemwa na nikanyamaza, lakini yeye hakunyamaza, wakashangilia, kina mama wakapiga vigelegele, na kwenye benchi la tatu Mama Mbeti akapiga makofi, sikutaja jina, hakujua, alipiga makofi na bahasha ya barua aliyoandikiwa na shule juu ya mtoto wake ilikuwa imechomoza kwenye mkoba pajani mwake, na kwa makofi yale ndiyo maana leo nimechaguliwa mimi.

Tulidhani Mama Mbeti ataomba ushirika umpite, zamu yake ihamishwe, watu wangeelewa, hakuomba, ametandika vitambaa vyake vya kushona kwenye kila kiti, amekaanga mandazi, amemwita kaka yake Matheka dereva wa lori aje asimame kama mwanamume wa nyumba, yule pale karibu na mlango, nilimwona kabla sijafumba macho, kofia ameibana kwapani, anaimba sauti nzito isiyojua maneno yote, na Mama Mbeti alisema ombi lake mwenyewe, hakumwachia mtu, akasimama akasema wapendwa mmesikia, sina la kuficha, kesho asubuhi mjomba wake anamchukua anampeleka Kitui kwa nyanya yake, mniombee safari, na Mama Job akauliza taratibu, na shule, si mwalimu alisema anaweza kurudi akishajifungua, na Mama Mbeti akasema arudi achekwe, Mama Job, mimi nimekaa bombani, najua kina mama wanavyocheka, akae huko mpaka watu wasahau, na hakuniangalia mimi aliposema bomba, hakuwa na sababu ya kuniangalia, na nilitamani sana aniangalie kwa ubaya ili nipate pa kushika, lakini aliniangalia baadaye, Mama Job aliponitaja, akaniinamishia kichwa kidogo kama mtu anayesema asante, mwanangu... na Mbeti yuko nyuma ya pazia, kwenye chumba, hakuitwa kutoka, miguu yake niliiona chini ya pazia, ndala moja ya bluu na moja ya kijani, amekaa kwenye ukingo wa kitanda na anasikia kila kitu, na ananingoja na yeye, na yeye peke yake katika nyumba hii yote ndiye anayejua.

Kwa sababu jana bombani, sikutaka hata kuikumbuka jana, nakukataa, hapana, ngoja, jana nilikwenda na jua la mchana ili nisikutane na mtu, na yeye alikuwa amefikiri vivyo hivyo, tukakutana, bomba linatoa maji membamba, hakuna pa kukimbilia, akaniambia niaje, nikasema poa, akasema Lorine, ile siku nilikuskia ukiomba, nikasema siku gani, akasema ile ya kurudisha maneno, nilikuwa kwa bed, sikuenda shule hiyo siku, nilikuwa natapika tangu asubuhi, nikaskia unaomba kwa nguvu nikasema hata mimi wacha nijiunge, nikawa nasema amen, aki, kila kitu unasema mimi nasema amen, mpaka ukataja jina ya mathe, mama yangu, ndio nikajua ni sisi, na akacheka, kicheko kifupi cha puani, na mimi nikasema Mbeti, akasema usijali, mathe ana mdomo, hata mimi najua, angalia maji yako inamwagika, akabeba jerikeni lake akaenda, na nikamwona anavyolibeba, mkono mmoja umeinuliwa mbali na tumbo ili lisimguse.

Alikuwa anatapika tangu asubuhi... nililala na hilo nikaamka nalo, alikuwa anatapika kabla sijaomba, kwa hivyo sikuleta kitu, maneno yangu hayakwenda popote, yalipita tu juu ya ukuta yakamkuta mtoto wa watu na beseni miguuni akiyasemea amina, na nilipaswa kufarijika, si ndiyo, si mimi niliyemroga, Mungu hakumpiga Mbeti kwa ajili yangu, Mungu si bunduki ya kukodi, lakini sikufarijika, kwa sababu nikiondoa hilo, nikiondoa kujibiwa, nikiondoa ushindi na ushuhuda na vigelegele, ninabaki na kitu kimoja tu mkononi ambacho kilikuwa changu tangu mwanzo na hakuna aliyenipa, ulifurahi, nakukataa, nakuk... na hapa mdomo wa ndani unachoka, wanaimba, Mama Job ameongeza makofi, na mimi najiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza siku zote za kukemea, hivi nani huyu ninayemfukuza, nimemuuliza jina kweli, au nimesikia tu anahukumu nikafunga mlango, maana yale mawazo mengine, ya umekwisha, ya soksi, yale yalikuwa yanapiga kelele, yanatukana, yanaongeza chumvi, hili halijawahi kuongeza chumvi, halikusema wewe ni mchawi, halikusema Mungu amekuacha, limekuja na neno moja, nalifukuza linarudi na lilelile moja, kwa upole, kama mtu mwenye haki ya kuingia, Bwana, nimekuwa nikimkemea nani hivi, ni wewe uliyekuwa unabisha na mimi nakuita adui kwa sauti kubwa na mistari nimeibandika kwenye kioo, ni wewe... nimeubana mkono wa Mama Mbeti bila kujua, naye ameubana wangu, anadhani ni Roho, anadhani ndiyo naanza, shika dada, amenong'ona, shika tu.

Ndiyo, nilifurahi. Nimelifungulia. Nilifurahi alipokosa kupita mlangoni, nilifurahi kabla sijajua sababu, ilinitosha kwamba hakupita, si kwa ajili ya mdomo wa mama yake, ni kwa ajili ya begi, ni kwa sababu alikuwa na mahali pa kwenda na mimi sina, ningekuwa na haki ya kumlilia Mungu juu ya uvumi ule, ulikuwa uongo na uliniumiza, lakini sikuomba uongo uishe, niliomba mtu mwingine auvae... na hakuna kilichoniangukia kichwani, nimesema na bado nasimama, pambio linaendelea, mandazi yananukia, na sasa jipya linafuata, maana ukifungua mlango hawaingii mmoja, jipya ni hili, nataka aende, Mbeti, nataka kesho lori la mjomba wake limpeleke Kitui akae na nyanya yake, akae hukohuko, na nina maombi mazuri ya kumsindikiza tayari, nayasikia yamejipanga, Bwana funika barabara, funika magurudumu, mtangulie mwanao, watalia, Mama Job atanisifu, na kesho bombani hakutakuwa na mtu anayejua, nitakuwa nimemwondoa mara ya pili na mara hii kwa maneno ya baraka, na mama yake atanishukuru, ameshanishukuru, ameushika mkono wangu... na najua anakopelekwa, sijui Kitui, sijafika, lakini najua pale, ni chini ya godoro kama sketi yangu, unawekwa unyooke kwa wiki moja, watu wanasahau upesi kweli, Mama Mbeti hajakosea, wanakusahau wewe kwanza, aibu wanaikumbuka.

Matheka amekohoa mlangoni, mtu amebadilisha mguu, pambio limepungua nguvu, limekuwa la pumzi tu, wanaona nimechelewa, na nyuma ya pazia kuna sauti nyembamba imejiunga, inapanda pale ambapo wengine wanashuka, ni yeye, anaimba, hata leo ananiitikia kama siku ile, sijui anaimba ili anisaidie kuanza au ili nisianze, na sina shukrani ya kuanzia, sina mstari, yale ya barabara na magurudumu nimeyaacha yalipo, nina ombi moja tu na mwenye nyumba hakuniomba niliombe, na nikilisema huenda akautoa mkono wake ndani ya wangu, mbele ya watu, na atakuwa na sababu, na ndipo itabidi nimwambie mengine yote, wanarudi mwanzo tena, navuta pumzi, nafungua kinywa, Bwana, Mbeti asiende, nataka abaki hapa, nimwone kila asubuhi, na yeye anione...